Leza kwa uso na shingo vilivyoharibiwa na jua: mwongozo kwa anayetoka Kigoma au Tabora

Mama anayeanika dagaa Kibirizi, Kigoma, hupigwa na jua pande mbili: kutoka juu, na kutoka chini kwenye mchanga mkavu, unaorudisha takriban asilimia 15 ya miale ya urujuanimno, ile miale ya jua isiyoonekana inayoharibu ngozi. Mkulima wa tumbaku Tabora yuko kwenye uwanda wa mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kila mita 1,000 za mwinuko huongeza miale hiyo kwa asilimia 10 hadi 12. Miji yote miwili iko nyuzi kama 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba. Wingu jembamba halisaidii sana, maana sehemu kubwa ya miale hulipenya. Miaka ishirini ya kazi hiyo huonekana usoni na shingoni: madoa, ngozi iliyokunjamana na kukakamaa, magamba yasiyotoka, na pande za shingo zilizobadilika rangi huku kivuli cha kidevu kikibaki safi.

Leza, yaani mashine ya mwanga mkali, inaweza kurekebisha sehemu ya uharibifu huo. Lakini kwa ngozi yetu matokeo huamuliwa zaidi na wiki sita hadi nane za kabla na miezi mitatu ya baada kuliko na dakika arobaini za mashine. Anayeruka vipindi hivyo viwili huweza kurudi nyumbani na madoa meusi kuliko aliyokwenda nayo. Ndiyo maana mwongozo huu unatumia maneno mengi zaidi juu ya kofia, mafuta ya mgando na usafiri kuliko juu ya mashine.

HATUA YA 1: Hakikisha ni jua kweli

Anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni kwa Kigoma au Kitete kwa Tabora, uchunguzwe na uombe rufaa kwa daktari wa ngozi. Usianzie saluni, na usianzie kwa mtu mwenye mashine. Magonjwa kadhaa hufanana na ngozi iliyoungua jua, na leza huyazidisha au hupoteza pesa zako tu.

La kwanza ni pelagra, upungufu wa vitamini B3, ambao huwapata wanaoishi kwa ugali wa mahindi bila mboga ya protini, walevi wa muda mrefu, na baadhi ya wanaotumia dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi. Ngozi huwa nyeusi, kavu na yenye magamba palepale jua linapopiga: mikononi, na shingoni kama mkufu. Kama kuna kuhara au kusahausahau pia, mwambie daktari siku hiyohiyo. Tiba yake ni vidonge vya vitamini na chakula, na ngozi hubadilika ndani ya wiki chache.

La pili ni lupasi ya ngozi. Mabaka yake huchochewa na jua, huacha makovu na huweza kung'oa nywele au kuathiri masikio. Ukichoma baka la lupasi kwa leza, unaliamsha.

La tatu ni melazma, yale mabaka ya kahawia yanayolingana kwenye mashavu mawili, paji la uso na juu ya mdomo, hasa kwa wanawake waliobeba mimba au wanaotumia vidonge vya uzazi. Melazma hukasirishwa na joto. Leza ya kuchuna huifanya ipotee kwa mwezi mmoja kisha irudi imeiva zaidi.

La nne ni mkorogo. Krimu zenye haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali zimepigwa marufuku kuuzwa kama vipodozi nchini, lakini bado zinapakwa. Zikitumika miaka mingi, haidrokwinoni huacha weusi wa bluu-kijivu kwenye mashavu ambao hauondoki kirahisi kwa kifaa chochote. Steroidi nazo hufanya ngozi kuwa nyembamba, yenye mishipa inayoonekana, isiyopona vizuri. Daktari asipoambiwa, atapanga nguvu ya mashine kwa ngozi ambayo kwa kweli haipo. Mwambie jina la krimu, au mpelekee kopo lenyewe hata kama ni aibu.

Dawa za kumeza nazo zina lao. Doksisaiklini, septrini na haidroklorothiazaidi ya presha hufanya ngozi iungue haraka juani. Usiziache mwenyewe, ziandike kwenye karatasi uende nayo.

Halafu kuna jambo lisilosubiri miadi ya leza: kidonda usoni au shingoni kisichopona kwa wiki nne, uvimbe unaotoa damu ukiguswa, gamba gumu lenye kitako kinene. Hapo kinachotakiwa ni kukata kipande kidogo na kukipima. Leza ikipita juu ya saratani huondoa kile kinachoonekana na kuacha mzizi ukikua chini, na baadaye hakuna wa kusema ulianzia wapi.

Kwa ndugu zetu wenye ualbino mpangilio ni tofauti kabisa. Ngozi isiyo na melanini, yaani rangi yake ya asili, haina hatari kubwa ya kubaki na weusi baada ya leza, lakini ina hatari kubwa ya saratani, na mapema, mara nyingi ujanani. Magamba ya jua hutibiwa kwa kugandisha kwa naitrojeni kimiminika au kwa krimu ya fluorourasili, njia ambazo ni nafuu zaidi na zinafuatilika kirahisi. Losheni ya Kilisun, iliyoanza kutengenezwa hospitali ya KCMC Moshi kwenye Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi cha kanda, imetengenezwa kwa ajili yao. Ulizia kliniki inayohudumia wenye ualbino iliyo karibu nawe. Kidonda kinachotiliwa shaka kipelekwe Bugando Mwanza, KCMC, au Taasisi ya Saratani Ocean Road Dar es Salaam. Leza ya kurembesha ngozi ije baada ya hayo yote, kama itahitajika hata kidogo.

HATUA YA 2: Elewa mashine utakayopigwa nayo

Leza za kuchuna ngozi hulenga maji yaliyomo ndani ya chembe za ngozi. Maji huchemka ghafla na tabaka hugeuka mvuke. Kuna mbili kuu. Ya kaboni dioksaidi, CO2, hutoa mwanga wa nanomita 10,600 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga). Huchuna na pia huacha joto pembeni, joto linalokaza ngozi lakini pia linaloamsha chembe za rangi. Ya Erbiamu YAG ina nanomita 2,940. Maji huimeza mara zaidi ya kumi kuliko CO2, kwa hiyo huchuna safi na kuacha joto dogo. Kwa ngozi nyeusi tofauti hiyo ya joto ina maana kubwa.

Zamani ilichunwa ngozi nzima ya uso kwa mkupuo. Tangu mwaka 2004 ulipoelezwa mtindo wa frakshona, mwanga hugawanywa kuwa vitundu vidogo sana na ngozi isiyoguswa huachwa katikati yao. Ngozi hiyo iliyoachwa ndiyo inayoziba vitundu kutoka pembeni, na kupona huwa kwa siku badala ya majuma. Kuna frakshona inayochuna, yaani CO2 au Erbiamu, na isiyochuna, kama ya nanomita 1,550 au 1,927, ambayo hupasha joto chini bila kuondoa ngozi ya juu.

Msimamo wetu ni huu. Kama ngozi yako ni maji ya kunde au nyeusi, anza na frakshona isiyochuna, vipindi 3 hadi 5, kila kimoja kikiachana na mwenzake wiki 6 hadi 8. Matokeo huja polepole, lakini kosa likitokea linarekebishika. Kuchuna uso mzima kwa CO2 kwa ngozi nyeusi tunakukataa. Frakshona ya CO2 au Erbiamu ina nafasi yake kwa makunyanzi mazito, mikononi mwa daktari aliyezoea ngozi za Kiafrika.

Hata hivyo usidanganywe kuhusu ukubwa wa matokeo. Madoa na ukwaruzi hupungua vizuri. Makunyanzi membamba hupungua. Ngozi ya shingo iliyolegea na kuning'inia haitanyanyuliwa na leza.

HATUA YA 3: Wiki sita hadi nane za maandalizi

Jua kwanza. Kiasi cha losheni kinachotosha uso na shingo ni zaidi kidogo ya nusu kijiko cha chai, kama mililita 3, na inarudiwa kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Piga hesabu: ukipaka mara tatu kwa siku, chupa ya mililita 50 huisha katika siku tano au sita. Chupa hiyo ikikaa mezani miezi miwili, ujue ulikuwa unapaka harufu tu. Na kwa kuwa ni gharama, kazi kubwa waachie kofia na kivuli. Kofia ya pama yenye ukingo usiopungua sentimita 7.5 kuzunguka kote hufunika uso, masikio na nyuma ya shingo. Kapelo huacha masikio na shingo wazi, na baraghashia haina ukingo kabisa. Mtandio au kitenge uupime kwa kuunyanyua kwenye mwanga: ukiona mwanga ukipenya katikati ya nyuzi, miale nayo inapenya. Khanga iliyochakaa haifai peke yake.

Losheni iwe na kiwango cha kinga ya jua, SPF, cha 30 au zaidi, na inayokinga pia miale ya urujuanimno aina ya A. Kwa ngozi nyeusi ile yenye rangi ya udongo, iliyotiwa oksidi ya chuma, ni bora zaidi, kwa sababu mwanga wa kawaida unaoonekana nao huchochea weusi na losheni nyeupe haiuzuii. Mafuta ya nazi na mawese hayakingi jua, hata yang'ae namna gani.

Mkorogo wowote uachwe angalau miezi mitatu kabla, tena chini ya uangalizi, kwa sababu ukiacha steroidi ghafla uso huwaka na kutoa vipele. Krimu ya trethinoini, kama daktari ameiandika, hupakwa usiku na kusimamishwa siku kadhaa hadi wiki moja kabla ya leza. Kuhusu haidrokwinoni ya daktari: kuipaka kabla hakujathibitika kuzuia madoa ya baadaye. Faida yake iko baada ya ngozi kufunga.

Ahirisha leza kama una mimba, vipele vya ndevu vilivyoiva, jipu, au malengelenge ya mdomo yaliyotoka. Ahirisha pia kama umeungua jua siku za karibuni. Aliyemeza aisotretinoini ya chunusi aseme, kwani madaktari wengi husubiri hadi miezi 6 kabla ya leza inayochuna. Mwenye historia ya keloidi (makovu yanayovimba), mwenye vitiligo (mabaka meupe ya ngozi), na aliyewahi kupigwa mionzi ya saratani shingoni, kwa kawaida asifanyiwe kabisa. Kisukari kisichodhibitiwa kidhibitiwe kwanza. Anayetumia ARV aendelee nazo bila kuruka hata siku moja, na daktari ajue.

Kila aliyewahi kutokwa na malengelenge ya mdomo anahitaji kinga ya asikloviri au valasikloviri. Kwa leza inayochuna, madaktari wengi humpa kila mgonjwa hata asiyekumbuka kuwahi kuugua, kwa sababu virusi hivyo hulala kimya mwilini. Mpangilio wa kawaida ni valasikloviri miligramu 500 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla hadi ngozi ifunge, yaani siku 7 hadi 10. Dozi yako ipangwe na daktari wako.

Wakati wa kufanya nao una uzito. Kiangazi cha Juni hadi Septemba kina vumbi na jua kali, lakini kwa wa ziwani huweza kuwa na nafasi: mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na asiye na dagaa wa kuanika ana sababu ya kukaa ndani. Kwa mkulima wa tumbaku usiweke leza karibu na uvunaji na ukaushaji. Joto na moshi wa bani, banda la kukaushia tumbaku, kwa ngozi mbichi ni mwaliko wa madoa.

HATUA YA 4: Maswali na jaribio

Mashine hizi utazipata zaidi katika miji mikubwa, kwa hiyo ziara ya kwanza iwe ya kuuliza na kufanyiwa jaribio. Uliza: leza hii ni ya nanomita ngapi? Umewapiga wangapi wenye rangi kama yangu, na naweza kuona picha zao za mwezi wa tatu? Nikipata tatizo nikiwa Kasulu au Urambo nampigia nani, na nani wa karibu atanihudumia? Anayejibu swali la kwanza kwa kusema "ni leza ya kisasa" hajui mashine yake.

Jaribio ni mraba mdogo wa sentimita moja au mbili, nyuma ya sikio au chini ya taya, kwa nguvu ileile itakayotumika usoni. Subiri wiki 4 hadi 8 kabla ya kuamua. Kungoja huku kunaudhi, hasa ukifikiria nauli ya pili, lakini weusi wa baada ya jeraha huanza kuonekana wiki ya tatu au ya nne. Jaribio la siku tatu halikuambii kitu.

HATUA YA 5: Siku yenyewe

Njoo umenawa, bila poda, wanja wala mafuta. Wanaume wanyoe asubuhi hiyo kwa uangalifu, kisha wembe upumzike hadi ngozi ifunge. Picha hupigwa mbele na pande zote mbili.

Krimu ya ganzi hukaa dakika 45 hadi 60. Isipakwe zaidi ya ulivyopimiwa na isifunikwe kwa nailoni bila agizo, kwa sababu lidokeini, dawa ya ganzi iliyomo, ikiwa nyingi huingia kwenye damu. Ukihisi ganzi kuzunguka mdomo, ladha ya chuma, masikio yakivuma au kizunguzungu, sema hapohapo. Kisha krimu ifutwe yote. Dawa ya kusafishia isiwe ya spiriti, au iachwe ikauke kabisa: mwale wa CO2 huwasha spiriti, nywele zilizopakwa mafuta, na kitambaa kikavu. Taulo za pembeni ziwe na maji, na oksijeni isiwe inatiririka puani.

Macho hufunikwa kwa ngao. Kope zikitibiwa, ngao ya chuma huwekwa juu ya jicho lenyewe. Kila aliyemo chumbani avae miwani ya nanomita husika. Moshi unaotoka una chembe za ngozi na unaweza kubeba virusi, hivyo mrija wa kuuvuta uwe karibu na ngozi na wote wavae barakoa.

Kwa ngozi nyeusi daktari mzuri hupunguza msongamano wa vitundu kuliko anavyopunguza kina chake. Msongamano, yaani asilimia ya ngozi inayoguswa kwa mkupuo, ndio unaofuatana zaidi na madoa meusi. Hupita mara chache, husubiri ngozi ipoe kati ya mpito na mpito, na hupuliza hewa baridi muda wote.

Shingo ni habari nyingine, na hapa ndipo makovu mabaya hutokea. Ngozi hupona kwa chembe zinazopanda kutoka vinyweleo na tezi za mafuta. Uso una nyingi, shingo ina chache, na ngozi yake ni nyembamba. Nguvu na msongamano wa shingoni vishuke sana kuliko vya usoni, kwa leza inayochuna hata kufika nusu, na ipitwe mara moja tu. Theluthi mbili za chini, kuelekea mitulinga, ndizo hatari zaidi. Ukisikia mpangilio wa uso ukiendelea shingoni bila namba kubadilishwa kwenye kioo cha mashine, mwambie asimame. Una haki hiyo ukiwa umelala.

HATUA YA 6: Siku kumi za kwanza

Frakshona isiyochuna huleta wekundu au weusi kidogo na uvimbe wa siku 2 hadi 4, kisha ngozi hukwaruza kama msasa na kupukutika. Unahitaji kupoza, kulainisha na kukaa kivulini. Inayochuna ndiyo yenye kazi.

Siku ya kwanza ngozi huwaka na kutoa majimaji. Kitambaa baridi na parasetamoli hutosha kwa wengi. Lala umeinua kichwa kwa mito miwili ili uvimbe ushuke.

Kila baada ya saa 3 au 4 mchana, fanya hivi. Nawa mikono kwa sabuni. Chukua nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, tia kijiko cha chai kimoja cha siki nyeupe. Chovya kitambaa safi cha kufungia vidonda, kamua kidogo, laza juu ya ngozi dakika 10 hadi 15. Kigaga kilicholainika kitoke chenyewe, usikwangue. Kausha kwa kugusagusa, kisha paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato, tabaka jembamba linalong'aa. Mafuta yatolewe kwa kijiko kilichochemshwa, kamwe si kwa kidole ndani ya kopo. Mchanganyiko wa siki utengenezwe upya kila siku, na maji ya ziwani au ya kisima hayafai bila kuchemshwa.

Ngozi isiachwe ikakauka. Ikikauka hujenga kigaga kigumu, kigaga hupasuka, na hapo ndipo bakteria huingia na kovu huanza.

Sasa neno kuhusu asali, kwa sababu Tabora ni nchi ya asali na kila shangazi atakushauri uipake. Asali inayotumika hospitalini kwa vidonda imeuawa vijidudu kwa mionzi. Ile ya mzinga, hata iwe safi kiasi gani kwa kula, huweza kubeba mbegu za bakteria na chavua, na gundi ya nyuki ndani yake huwasha ngozi iliyo wazi. Iache kwenye chai hadi ngozi ifunge. Vivyo hivyo mshubiri, dawa ya meno, mawese na krimu zenye neomaisini, ambayo huleta mzio kwa wengi.

Foronya ibadilishwe kila siku. Chandarua kisiguse uso. Kaa mbali na jiko la kuni na mkaa, mwingine apike. Vizibo vya losheni ya jua vibaki vimefungwa hadi ngozi ifunge, maana losheni kwenye kidonda huwasha. Siku hizi kinga yako ni paa.

Frakshona inayochuna kwa kawaida hufunga katika siku 5 hadi 7 usoni. Shingo huchelewa, na kuchelewa kwa siku kadhaa ni kawaida yake.

Safari: usipande basi wala treni kabla ngozi haijafunga. Ukitibiwa Dar es Salaam au Mwanza, panga kukaa siku 7 hadi 10 karibu na daktari. Dirisha la treni ya Reli ya Kati lililo wazi, vumbi, na jua la ubavuni kwa saa nyingi vinaweza kuharibu kazi yote. Ukirudi, kaa upande wa kivuli: ukitoka Dar kwenda Tabora au Kigoma, safari huelekea magharibi, hivyo mchana wa Juni jua liko kaskazini, upande wako wa kulia. Keti kushoto.

HATUA YA 7: Kinachoharibika, lini, na ufanyeje

Maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya pili si ya kawaida. Leza huuma zaidi mwanzoni na kupungua. Maumivu yakigeuka kupanda, pamoja na usaha, harufu, homa au kigaga cha manjano kati ya siku ya 2 na ya 7, ni bakteria. Nenda kituo cha afya siku hiyo na uombe sampuli ichukuliwe kabla ya antibayotiki kama inawezekana.

Vidonda vidogo vya duara vinavyofanana, vyenye kuchoma, hata bila malengelenge, ni virusi vya malengelenge ya mdomo hadi ithibitike vinginevyo. Juu ya ngozi iliyochunwa hakuna tabaka la kutengeneza lengelenge, ndiyo maana wahudumu wengi hukosea hapa. Dozi ya kutibu ni kubwa kuliko ya kinga na haingoji kesho.

Kuwasha sana katika wiki ya pili, na wekundu wenye vipele vyeupe pembeni, mara nyingi ni fangasi. Vipele vya chunusi na vijipu vyeupe kama punje ya mtama husababishwa na mafuta ya mgando kuendelea kupakwa ngozi ikishafunga. Badilisha ulainishe kwa losheni nyepesi.

Baka moja linalobaki jekundu au jeusi-zambarau, gumu, linalowasha, hasa shingoni au kwenye ukingo wa taya, ndilo dalili ya kovu linaloanza. Wengi husubiri "lipoe lenyewe" na hapo hupoteza wiki za thamani. Krimu kali ya steroidi kwenye baka hilo tu, au sindano ya steroidi ndani yake, hufanya kazi vizuri zaidi mapema. Piga picha, mtumie daktari aliyekutibu, na usikae zaidi ya siku chache bila jibu.

Weusi unaotokea wiki ya 3 au ya 4 ndio unaotisha watu zaidi, na ndio unaohitaji subira kubwa. Si ishara kwamba umeungua vibaya. Kwa kukaa kivulini, losheni yenye rangi ya udongo, na haidrokwinoni asilimia 4 ya daktari kwa muda maalumu au asidi ya azelaiki, kwa kawaida huisha ndani ya miezi kadhaa. Usikimbilie duka la vipodozi. Mkorogo kwenye ngozi ya mwezi mmoja unaweza kugeuza doa la miezi mitatu kuwa la kudumu.

HATUA YA 8: Miezi mitatu, kisha mwaka

Losheni ya jua ianze ngozi ikishafunga na kuacha kuwasha, kwa kawaida baada ya wiki moja au mbili, kwa kiasi kilekile cha mililita 3. Kama kazi ni kuanika dagaa, panga zamu: mwageni samaki asubuhi na mapema, kisha kazi ya kugeuza saa nne hadi saa kumi ifanywe na mwingine, kwa miezi mitatu. Hili ni ombi kubwa kwa familia, tunajua. Lakini kama halipatikani, ni afadhali leza iahirishwe mwaka.

Usihukumu matokeo mapema. Uzi wa kolajeni unaoikaza ngozi huendelea kujengwa kwa miezi 3 hadi 6. Kipindi kinachofuata kisipangwe kama weusi wa kipindi kilichotangulia bado upo.

Piga picha mahali palepale, saa ileile, kivulini, mwezi wa 1, wa 3, wa 6 na wa 12. Ile ya 6 na ya 12 watu huziacha kwa sababu wamesharidhika, nazo ndizo zinazokamata kitu kinachojificha: mabaka yanayopoteza rangi taratibu baada ya leza inayochuna, ambayo huanza miezi 6 hadi 12 baadaye na jicho la kila siku kwenye kioo halioni. Piga na picha ya shingo ukiwa umeinua kidevu, upande kwa upande, kutoka sikio hadi kwenye mtulinga.